Ridge wa kwanza hakufa

Hapa Malindi shangazi zangu wameshikilia miaka nenda miaka rudi kwamba mwigizaji wa kwanza wa Ridge, mhusika wa tamthilia ya Marekani The Bold and the Beautiful, alifariki, ndipo sura ikabadilika. Sivyo. Ronn Moss alimwigiza Ridge tangu tamthilia ilipoanza mwaka 1987, akaondoka 2012. Mwaka uliofuata Thorsten Kaye akachukua nafasi. Mhusika hubaki, mwigizaji hubadilishwa. Ni desturi ya tamthilia ndefu.

Moss alirudi kwenye muziki, alikoanzia hasa: alipiga gita la besi katika kundi la Player, lililoshika namba moja Marekani Januari 1978. Kipaji hicho kinastahili kukumbukwa.

Jana shangazi, kaketi kwenye mbuzi akikuna nazi, nilimwonyesha picha ya Moss simuni. Akaigusa ile taya kwa kidole chenye hina: “Ndiye!”