Sababu ya kutosha: kinachompa polisi wa Marekani haki ya kupekua

Katika sheria za Marekani, sababu ya kutosha ni msingi wa ukweli unaomfanya mtu mwenye busara aamini kwamba uhalifu umetendeka, au kwamba ushahidi wake utapatikana mahali fulani. Chimbuko lake ni Marekebisho ya Nne ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, wakati watu walikuwa bado wanazikumbuka hati za jumla zilizowaruhusu maofisa wa Uingereza kuingia popote kusaka magendo. Ndiyo maana hati ya upekuzi hutolewa juu ya kiapo, ikitaja mahali na vitu vinavyotafutwa.

Uzito wote uko kwenye wakati: sababu lazima iwepo kabla ya upekuzi. Polisi akivunja mlango bila msingi akakuta bunduki, bunduki hiyo haigeuki kuwa sababu ya kuuvunja. Tangu kesi ya Mapp ya mwaka 1961, mahakama za majimbo nazo hukataa ushahidi uliopatikana hivyo, isipokuwa katika hali chache.

Kiwango chenyewe si uhakika, lakini pia si hisia za polisi. Barua isiyo na jina inayomshutumu mtu kwa kuuza dawa za kulevya haitoshi peke yake. Ila polisi wakifuatilia na kuona mambo yaliyotabiriwa humo yakitokea, inapata nguvu, kwa kuwa tangu kesi ya Gates ya mwaka 1983 hakimu hupima mazingira yote kwa pamoja. Shaka yenye msingi, ambayo ni kiwango cha chini zaidi, humruhusu polisi kumsimamisha mtu kwa muda mfupi, na kumpapasa juu ya nguo akihofia kwamba ana silaha.

Wengi hudhani gari halina ulinzi huu. Tangu mwaka 1925 hati si lazima kwa gari, lakini sababu ya kutosha bado inatakiwa. Simu ya aliyekamatwa, kwa uamuzi wa mwaka 2014, kwa kawaida huhitaji hati.

Ulinzi huu hupotea kwa urahisi mno, kwa maoni yangu, pale mtu anaporidhia kupekuliwa. Ridhaa ya hiari huondoa haja ya hati na ya sababu pia, na Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1973 kwamba polisi halazimiki kumwambia mtu kuwa anaweza kukataa. Mtu huyo anaweza kusema kwa utulivu kwamba haridhii, bila kupambana na polisi, na kukataa huko pekee si sababu ya kutosha.