Je, wajua kwa nini kampuni hushtakiwa kwa kufuata kiwango kilichowekwa ili kila mtu akifuate?

Mwezi Oktoba 2010 kampuni ya Motorola iliipelekea Microsoft barua mbili, zilizopishana kwa siku chache tu. Ya kwanza ilihusu Wi-Fi, ambayo mafundi huijua kwa namba ya kiwango chake, 802.11. Ya pili ilihusu H.264, kiwango cha kubana video ili ipite kwenye mtandao au ihifadhiwe bila kula nafasi kubwa. Katika kila barua Motorola ilidai mrabaha, yaani malipo ya kutumia uvumbuzi wake, wa asilimia 2.25 ya bei ya bidhaa nzima, iwe ni mashine ya michezo ya Xbox au kompyuta inayoendeshwa kwa Windows. Kwa kompyuta inayouzwa dola 1,000 asilimia hiyo ni dola 22.50, na kinachotozwa ni sehemu ndogo sana ya kazi zote zinazofanywa na mashine hiyo. Tarehe 9 Novemba mwaka huohuo Microsoft ilifungua kesi mjini Seattle, ikilalamika kwamba Motorola imevunja ahadi.

Ili kuelewa ni ahadi gani iliyokuwa inazungumzwa, inafaa kwanza kutazama namna mambo mawili yenye tabia zinazopingana yanavyokutana ndani ya kifaa kimoja. Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wake bila idhini, kwa kawaida kwa miaka 20 tangu siku alipowasilisha ombi lake. Kiwango cha teknolojia, kwa upande mwingine, ni makubaliano ya kiufundi yanayowezesha simu iliyoundwa na kampuni moja kuzungumza na mnara uliojengwa na kampuni nyingine. Thamani yote ya hataza imo katika kumzuia mwingine, ilhali kiwango hakina thamani yoyote mpaka wengi wakifuate.

Viwango hivyo haviteremki kutoka serikalini. Huandaliwa na wahandisi, wengi wao wakiwa waajiriwa wa kampuni zinazoshindana sokoni, wanaokutana chini ya taasisi kama IEEE, iliyoweka viwango vya Wi-Fi, au ETSI, taasisi ya Ulaya iliyoundwa mwaka 1988 na yenye makao yake Sophia Antipolis, Ufaransa. Tatizo moja la kiufundi linaweza kuwa na masuluhisho manne au matano yanayokaribiana kwa ubora, na kila mmoja huja na suluhisho la kwake. Mwishowe moja huchaguliwa na kuandikwa. Kabla ya uamuzi huo, mwenye hataza juu ya suluhisho lililoshinda alikuwa na bidhaa yenye washindani, na kama angetaja bei kubwa wangemwacha wakachukua la jirani. Baada ya uamuzi, viwanda vikishajengwa na mamilioni ya vifaa vikishauzwa, hakuna tena pa kukimbilia. Hataza ni ileile na uvumbuzi ni uleule, lakini sasa kila anayetaka kuingia sokoni sharti apite kwa mwenye hataza hiyo. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo mzizi wa kesi hizi zote, kwa kuwa mwenye hataza huwa na nguvu mbili zilizochanganyika, moja aliyoipata kwa akili yake na nyingine aliyopewa na kiwango, na mahakama hulazimika kuzitenganisha.

Wala haifai kudhani kwamba wanaodai ni walaghai daima. CSIRO, shirika la utafiti la serikali ya Australia, liliwasilisha ombi lake la hataza nchini Marekani mwaka 1993, miaka minne kabla ya kiwango cha kwanza cha 802.11 kutolewa. Tatizo lililokuwa mbele ya watafiti wake lilikuwa gumu kwelikweli. Mawimbi ya redio yanayosafiri ndani ya chumba hugonga kuta, meza na makabati, kisha humfikia mpokeaji yakiwa mwangwi mwingi unaofuatana kwa kuchelewa kidogo, na data ikitumwa kwa kasi, mwangwi wa alama iliyotangulia huiangukia alama inayofuata na kuivuruga. Suluhisho lao lilikuwa kuugawa mkondo mmoja wa kasi katika mikondo midogo mingi inayokwenda polepole kwa pamoja, ili kila alama idumu kuliko mwangwi wake, na kuongeza njia za kurekebisha makosa yanayobaki. Hataza yao ilitolewa mwaka 1996. Viwango vya Wi-Fi vilivyofuata vilikuja kutumia mbinu za namna hiyo, na mwaka 2005 CSIRO ikaishtaki Buffalo, kampuni ya Kijapani, katika mahakama ya Texas na kushinda. Mwaka 2009 kampuni 14 zilikubali kulipa, na hadi mwaka 2012 shirika hilo lilikuwa limekusanya zaidi ya dola za Australia milioni 400 kutokana na hataza hiyo. Ni vigumu kusema kwamba watu hao hawakustahili chochote.

Hata hivyo, CSIRO ilipoishtaki Cisco na kutunukiwa dola za Marekani milioni 16 mwaka 2014, mahakama ya rufaa ilibatilisha hesabu hiyo mwaka uliofuata. Sababu yake ni muhimu: mahakama ya chini haikuondoa ile thamani iliyotokana na uvumbuzi kuingizwa kwenye kiwango. Mvumbuzi, walisema majaji, alipwe kwa uvumbuzi wake, asilipwe kwa sababu tu dunia nzima imekubaliana kuutumia.

Taasisi za viwango zililiona tatizo hili mapema. Hatari ya kwanza ni mshiriki kukaa kimya. Mwaka 1996 kampuni ya Dell ilikubaliana na Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani kutoidai hataza ambayo haikuitaja wakati kiwango husika kilipokuwa kikipitishwa. Suala la kampuni ya Rambus lilikuwa na utata zaidi. Rambus ilihudhuria vikao vya JEDEC, taasisi inayoweka viwango vya kumbukumbu za kompyuta, hadi ilipojitoa mwaka 1996, kisha ikaanza kuwashtaki watengenezaji wa kumbukumbu kwa hataza zilizogusa yale yaliyokuwa yakijadiliwa mle. Mwaka 2006 Tume hiyohiyo iliamua kwamba Rambus ilikuwa imejipatia ukiritimba kinyume cha sheria, lakini mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Washington ikaufuta uamuzi huo, ikisema kwamba kutumia hila ili kulipwa bei kubwa zaidi hakutoshi peke yake kuthibitisha kwamba ushindani umeuawa.

Hivyo taasisi nyingi huwataka washiriki watangaze hataza zao na watoe ahadi. Nayo ndiyo ahadi iliyopelekwa Seattle: kwamba mwenye hataza ambayo kiwango hakiwezi kufuatwa bila kuigusa atampa leseni kila anayeihitaji, kwa masharti ya haki, ya kiasi na yasiyobagua. Maneno ni mazuri, ila hayana namba. Taasisi hukwepa kutaja bei kwa sababu zinazoeleweka. Wahandisi hawakwenda pale kupatana bei, na washindani wanaoketi chumba kimoja na kukubaliana malipo wanaweza kujikuta wanatuhumiwa kupanga bei, jambo ambalo sheria za ushindani hulikataza. Lakini matokeo yake ni kwamba ugomvi unaahirishwa tu, na siku unapozuka, senti moja ikizidishwa kwa mamilioni ya vifaa imeshakuwa fedha nyingi.

Basi kazi ya kuijaza nafasi hiyo tupu ilimwangukia Jaji James Robart wa Seattle. Uamuzi wake wa Aprili 2013 una kurasa 207, na sehemu inayofundisha kuliko zote ni hesabu moja ya kawaida kabisa. Ushahidi ulionyesha kwamba wapo angalau wamiliki 92 wanaodai kuwa na hataza ndani ya kiwango cha Wi-Fi. Wakati wa kesi Motorola ilikuwa imeshuka hadi kutetea malipo kati ya asilimia 1.15 na 1.73 ya bei ya Xbox kwa ajili ya Wi-Fi, kiasi kinachoonekana kidogo kikisimama peke yake. Zidisha 1.15 kwa 92. Jibu linapita asilimia 100, maana yake ni kwamba kama kila mmiliki angepewa anachodai Motorola, mirabaha ya Wi-Fi pekee ingezidi bei ya mashine nzima, kabla hata ya kulipia kichakataji, kumbukumbu au kasha lake. Jaji alijiuliza pande hizi mbili zingekubaliana nini kama zingeketi kwa nia njema, akapima uzito wa kila hataza ndani ya kiwango na ndani ya bidhaa, akalinganisha na vikundi ambamo wamiliki wengi hukusanya hataza zao na kuzikodisha kwa pamoja. Alihitimisha kwamba Motorola ilistahili senti 0.555 kwa kila kifaa kwa hataza za H.264, na senti 3.471 kwa kila Xbox kwa hataza za Wi-Fi. Madai ya awali yangekuwa takriban dola bilioni 4 kwa mwaka. Kwa hesabu ya jaji yakawa dola milioni 1.8 hivi.

Ukitazama pengo hilo kwa makini utaona kwamba si tofauti ya maoni baina ya wafanyabiashara wawili. Pande zote mbili zilikuwa zikisoma ahadi ileile.

Kinacholitia makali dai kama hilo ni zuio, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha uuzaji wa bidhaa. Kampuni inayoambiwa ilipe fidia inaweza kubisha na kukata rufaa huku biashara ikiendelea, bali ile inayoambiwa iondoe bidhaa zake sokoni hutia saini upesi karibu kila inachowekewa mezani. Wakati kesi ya Seattle ikiendelea, Motorola ilipata zuio katika mahakama ya Mannheim, Ujerumani, ingawa Robart aliikataza kulitekeleza. Microsoft ilikuwa tayari imehamisha kituo chake cha usambazaji kutoka Ujerumani hadi Uholanzi kwa hofu hiyo, na gharama za kuhama ndizo zilizokuwa sehemu kubwa ya dola milioni 14.5 ambazo jopo la raia wanaosikiliza kesi liliipa Microsoft Septemba 2013. Mahakama ya rufaa iliuthibitisha ushindi huo mwaka 2015.

Nchini Marekani zuio lilikwishapungua nguvu tangu mwaka 2006, Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya eBay kwamba kushinda kesi ya hataza hakumpi mshindi zuio moja kwa moja. Mwezi Agosti 2013 serikali ya Rais Obama ilitengua amri ya kuzuia baadhi ya vifaa vya Apple visiingizwe nchini, amri iliyotokana na hataza ya Samsung inayohusu kiwango cha simu, na ilikuwa mara ya kwanza kwa amri ya namna hiyo kutenguliwa tangu mwaka 1987. Ulaya ilichagua kuweka utaratibu wa hatua kwa hatua. Katika shauri la Huawei dhidi ya ZTE, kampuni mbili za China, lililoamuliwa tarehe 16 Julai 2015, mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema mwenye hataza amjulishe kwanza mtumiaji ni hataza ipi inayokiukwa na kwa namna gani. Mtumiaji aseme kama yuko tayari kuchukua leseni. Mwenye hataza atoe pendekezo la maandishi lenye bei. Na mtumiaji asiyeridhika alete pendekezo lake bila kuvuta muda.

Hilo la mwisho, la kuvuta muda, linastahili kutajwa kwa uzito uleule, maana dhuluma haitoki upande mmoja. Mtengenezaji anayejua kwamba hatazuiwa hana haraka ya kulipa. Anaweza kuuza kwa miaka, akimtaka mwenye hataza amfuate nchi moja baada ya nyingine, kwa kuwa hataza ina nguvu ndani ya mipaka ya nchi iliyoitoa tu. Mahakama ya Juu ya Uingereza ililijibu jambo hilo tarehe 26 Agosti 2020, katika shauri la Unwired Planet, kampuni inayomiliki hataza, dhidi ya Huawei, kwa hataza ambazo nyingi zilianzia kampuni ya Ericsson ya Uswidi. Iliamua kwamba mahakama za Uingereza zinaweza kupanga masharti ya leseni ya dunia nzima, na kampuni inayoyakataa izuiwe kuuza Uingereza.

Kuanzia hapo swali likawa ni mahakama ya nani itakayotangulia. Septemba 2020 mahakama ya Wuhan, China, ikisikiliza shauri kati ya Xiaomi, mtengenezaji wa simu wa China, na InterDigital, kampuni ya Marekani yenye hataza, iliiamuru InterDigital isiendelee na kesi yake kwingineko, la sivyo itozwe faini ya hadi yuan milioni 1 kwa siku. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ya Delhi, ambako InterDigital ilikuwa imefungua kesi, ikatoa amri ya kupinga amri hiyo. Umoja wa Ulaya ukaishtaki China mbele ya Shirika la Biashara Duniani mwezi Februari 2022 kwa sababu ya amri za aina hiyo.

Yapo pia maswali ya chini zaidi ambayo hayahitaji majaji wa kimataifa. ETSI haihakiki kama hataza iliyotangazwa kweli ni ya lazima kwa kiwango. Mwenyewe hutangaza, nayo huandikwa, ndiyo maana kwa 5G zimerundikana makumi ya maelfu. Tume ya Ulaya ilipendekeza mwezi Aprili 2023 kuwe na daftari rasmi, uhakiki wa sampuli, na utaratibu wa kupata makadirio ya jumla ya mirabaha ya kiwango kizima, ili mtengenezaji ajue gharama kabla hajajenga kiwanda. Mwaka 2025 Tume hiyo ilitangaza kuliondoa pendekezo lake, kwa kuwa haikuona dalili ya kufikiwa makubaliano.