Ndoo mbili jikoni: taka za nyumbani Kigoma Ujiji

Kufagia uwanja hatuna wa kutufundisha. Shida huanza baada ya kufagia: maganda ya ndizi, vichwa vya samaki wetu migebuka, chupa, pampasi na majivu vyote vinaingia kiroba kimoja kusubiri gari. Kwa joto letu, siku tatu zinatosha kiroba kuanza kuvuja maji na kujaa funza. Maji hayo ndiyo yanayoharibu na vya kuuzika: boksi linaoza, na chupa zinachafuka mnunuzi asizitake.

Kwa hiyo ndoo mbili, ya taka mbichi zinazooza na ya taka kavu. Kuna wanaohimiza ndoo nne za rangi nne. Sijui jiko gani la nyumba ya kupanga hapa kwetu Mwanga lina nafasi hiyo.

Mbichi zifanye mboji. Kiangazi chimba shimo la mita 1 kwa 1, kina sentimita 60. Masika usichimbe, maana miteremko yetu italijaza maji; rundika juu ya ardhi, kivulini, ufunike kwa majani ya mgomba. Kila ndoo moja ya mbichi weka mbili za majani makavu, kisha udongo wa unene wa vidole viwili. Majani ya mwembe ni magumu, yaponde kwanza, la sivyo utayakuta mazima baada ya miezi mitatu. Rundo lifike kama mita moja kwenda juu, kwani dogo halitunzi joto. Chomeka kipande cha nondo katikati. Siku ya tano kichomoe. Kikiwa baridi, rundo limekauka au ni dogo.

Unyevu unapimwa kwa mkono: kamua konzi moja. Tone moja au mawili ni sawa. Maji yakichuruzika, ongeza makavu. Harufu ya mayai viza maana yake hewa haipiti, pindua siku hiyohiyo. Kwa kawaida pindua kila wiki mbili, na baada ya miezi mitatu au minne mboji iko tayari. Majivu ya jikoni yasizidi konzi moja kwa tabaka: yakizidi yanafukuza naitrojeni, rutuba ya mboji, ikatoka kama gesi ya amonia, na utaisikia harufu yake ikiwasha pua. Matumbo ya samaki usiyaweke humo, yataita mbwa na nzi. Yafukie peke yake, sentimita 40 chini, mbali na kisima.

Kwenye ndoo kavu, chupa na makopo vina wanunuzi. Pampasi na betri ni za gari, zifungwe peke yake.

Vinabaki vifungashio vyepesi. Marufuku ya 1 Juni 2019 ilihusu mifuko ya kubebea, si vifungashio vya viwandani, kwa hiyo bado vimejaa majumbani, na wengi wanavitumia kuwashia mkaa. Plastiki kwenye moto mdogo wa jiko haiungui yote. Moshi wake wenye sumu unavutwa na mpishi na watoto walio karibu. Badala yake washia makapi makavu ya chikichi: yana mafuta, yanashika moto haraka vilevile.