Seli za njia ya hewa zinazooteshwa maabara: maswali mnayoniuliza

Kila upepo ukigeuka hapa Unguja watoto wanaanza makamasi na kifua, na mimi naanza kuulizwa mambo ya virusi. Haya ni yale yanayohusu seli za puani na kifuani ambazo watafiti wanaziotesha maabara ili kujaribia virusi na dawa.

Hizo seli wanazitoa wapi, si za maiti?

Nyingine ndio, za watu waliofariki na ikatolewa ridhaa mapafu yao yatumike, nyingine zinatoka kwenye vipande vilivyotolewa wakati wa opereshini. Lakini hata mtu mzima wa afya anaweza kutoa, anapitishiwa kibrashi laini puani, machozi yatamtoka kidogo, basi.

Zinaoteshwaje?

Zinapandwa juu ya kiwambo chembamba chenye vitundu vidogo mno, mwanzo zinazamishwa kwenye maji ya virutubisho halafu zikishajaa yale maji ya juu yanaondolewa, zinabaki zinalishwa kwa chini na juu zinapigwa na hewa, hivyo hivyo zinavyokaa puani mwako. Baada ya wiki 3 au 4 hivi nyingine zinatoa ute, nyingine zimeota vinyweleo vinavyopiga kwa pamoja kama wapiga makasia na kuusukuma ule ute. Kwa darubini unaviona vinacheza, subhanallah.

Kwani seli za kawaida za maabara zina kasoro gani?

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mnaikumbuka klorokwini, ile ya malaria iliyokuwa ikituwasha mwili mzima? Mwaka 2020 ilisemwa inazuia Uviko, na kweli maabara ilizuia, ila ilijaribiwa kwenye seli za Vero, ndizo hizo za kawaida za maabara, ambazo asili yake ni figo la tumbili na zinaoteshwa tangu 1962. Sasa kwenye seli hizo virusi vinamezwa kwanza ndani ya kifuko chenye asidi, klorokwini inaipunguza ile asidi na virusi vinakwama. Seli za njia yetu ya hewa zina kimeng'enya kinaitwa TMPRSS2 ambacho kinavifungulia virusi palepale juu ya seli, kifuko hakihitajiki, kwa hiyo dawa haina cha kuzuia. Walipoijaribu ndugu yake, haidroksiklorokwini, kwenye seli za njia ya hewa za binadamu haikufanya kitu, na mwezi Juni mwaka huohuo utafiti mkubwa wa Uingereza, RECOVERY, ukaonesha wagonjwa waliolazwa haikuwasaidia. Yaani watu walikuwa wanahangaika kutafuta vidonge, na jibu la figo la tumbili silo jibu la kifua cha mtu.

Na kuna virusi vinavyokataa kabisa kuota kwenye seli za kawaida. HKU1, korona moja ya mafua iliyotambuliwa Hong Kong 2005, iliwashinda mpaka 2010 walipotumia hizi za njia ya hewa. Hata korona ya Uviko yenyewe, China walipoitenga Januari 2020 walitumia hizi, wakaona vile vinyweleo vimeacha kupiga.

Kwa hiyo zinatosha, wagonjwa hawahitajiki tena?

Hapana. Hazina damu, na mara nyingi hazina seli za kinga, na za mtu mmoja haziwi sawa na za mwengine. Dawa lazima ije ijaribiwe kwa watu.

Mwanangu kabanwa na kifua leo, mie zinanisaidia nini?

Leo hii hazikusaidii mama, nakwambia ukweli. Zimetuonesha kwamba RSV, virusi vinavyowabana sana watoto wachanga, vinaingia kwenye zile seli zenye vinyweleo, na antibayotiki haiui virusi, kwa hiyo usikimbilie kununua dukani. Mtazame anavyopumua: akihema mbio, mbavu zikiingia ndani, akikataa kunyonya au midomo ikigeuka rangi, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usingoje kuche.