Joto halibadilishi jeni, linazisogeza

Oktoba hapa Tabora, jua likiunguza, utasikia mtu akisema mmea uliozoea joto umebadilika jeni. Sivyo. Maandishi ya DNA yanabaki yaleyale. Kinachobadilika ni mpangilio wake ndani ya kiini cha seli. Hamira, ambayo ni kiumbe hai cha seli moja, imelionyesha hili vizuri sana: ikipashwa hadi nyuzijoto 39, ndani ya dakika chache protini iitwayo Hsf1 huamsha jeni za kinga, nazo, hata zilizo kwenye kromosomu (nyuzi za DNA zinazobeba jeni) tofauti, husogeleana na kukusanyika pamoja. Kwangu hilo ndilo la kustaajabisha kuliko yote. Jeni hizo hutoa protini zinazokunja upya nyingine zilizoharibiwa na joto. Mkusanyiko ni wa muda: saa moja hivi baadaye umekwisha kutawanyika.