Nafasi za utafiti baada ya uzamivu: jua kwanza nani analipa

Wahitimu wa uzamivu (PhD) ninaowashauri karibu wote huanza kwa kuniuliza watazame tovuti gani. Jibu lake ni fupi: EURAXESS kwa nafasi za Ulaya, jobs.ac.uk kwa Uingereza, na kwa Afrika Mashariki kurasa za ajira za taasisi zenyewe, kama icipe (utafiti wa wadudu) na ILRI (utafiti wa mifugo) jijini Nairobi, KEMRI-Wellcome (utafiti wa afya) kule Kilifi au Taasisi ya Afya Ifakara. Swali ambalo huulizwa mara chache, ilhali ndilo linaloamua maombi yaandikwe vipi, ni nani anayelipa.

Nafasi nyingi zinazotangazwa hulipwa na mradi ambao profesa ameshaupatia ruzuku. Utafiti umekwisha kupangwa, mwisho wa fedha unajulikana, naye anatafuta mtu wa kuifanya kazi ile ile iliyoandikwa kwenye mradi. Kumpelekea andiko la wazo lako mwenyewe ni kujichosha bure. Vyuo vya Uingereza huambatanisha na tangazo orodha ya sifa za lazima na za ziada, na jopo humpima mwombaji kwa kila sifa. Kwa hiyo, ikiwa sifa mojawapo ni uwezo wa kuchambua data za kaya, usiandike kwamba una ujuzi mzuri wa takwimu: taja data ulizochambua, kaya zilikuwa ngapi, ulitumia programu gani na makala ipi ilitokana nazo. Barua kavu inayofuata orodha hiyo hatua kwa hatua huishinda barua fasaha iliyoiruka.

Njia ya pili ni ufadhili unaouomba kwa jina lako na kwenda nao chuoni. Hapa wazo ni lako, lakini masharti yanataka kusomwa neno kwa neno. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya, kwa nafasi za barani humo, hupokea waombaji wa uraia wowote, mradi wawe na shahada ya uzamivu kufikia siku ya mwisho ya maombi na uzoefu wa utafiti usiozidi miaka 8 tangu waipate. Aidha, mwombaji asiwe ameishi au kufanya shughuli zake kuu katika nchi anayoiomba kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia siku hiyo. Mtanzania aliyesomea uzamivu Ujerumani na bado anaishi huko hawezi kuutumia kubaki Ujerumani, ingawa Uholanzi iko wazi kwake. Mwenzake wa Dodoma ambaye hajatoka nchini hazuiwi na sharti hilo popote. Ni nadra kukuta sharti linalompendelea aliyesoma nyumbani.

Wakfu wa Humboldt wa Ujerumani, kama ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, unahitaji mtafiti mwenyeji aliyekubali kukupokea. Mwandikie mapema, nusu ukurasa inatosha, ukieleza swali lako, kazi yake ipi inahusika na ufadhili utakaouomba, kwa sababu profesa asiyeona habari ya fedha hudhani unamwomba yeye mshahara.

Kabla ya kusaini, uliza hadhi yako. Ujerumani, mtafiti wa mradi kwa kawaida ni mwajiriwa, mara nyingi katika ngazi ya E13 ya mishahara ya umma, pamoja na bima na pensheni, wakati anayefadhiliwa na Humboldt hupokea posho. Afrika Kusini wengi huhesabiwa kuwa wafadhiliwa wala si watumishi wa chuo, na mwenye familia inafaa apige hesabu ya bima ya matibabu kabla ya kukata tiketi.