Je, wajua kwa nini muziki wa Waroma wa Uturuki (jamii ya Romani, si watu wa jiji la Roma) hugoma kukaa kwenye kompyuta?

Chukua rekodi ya klarineti kutoka Keşan, upande wa Thrace (Uturuki ya Ulaya) alikozaliwa mpiga klarineti Selim Sesler, uitie kwenye programu ya muziki na kuiwekea kiki ya klabu (pigo zito la besi linalojirudia) chini yake. Haichukui muda utasikia kitu kinachechemea. Mpigaji hajakosea. Ni programu iliyofunguka ikiwa imeshakuamulia mambo mawili: kwamba kila mzunguko una mapigo manne, na kwamba oktava ina noti 12 zinazopishana sawasawa. Muziki huu una hesabu yake katika yote mawili.

Tuanze na mdundo. Roman havası, yaani nyimbo za kuchezea za Waroma wa Uturuki, kwa kawaida huenda kwa 9/8 (vipande tisa kwa kila mzunguko) iliyogawanywa mbili, mbili, mbili, tatu. Gonga meza huku ukihesabu: MOJA-mbili, MOJA-mbili, MOJA-mbili, MOJA-mbili-tatu. Hatua ya nne ni ndefu kuliko zile za kwanza, na humo ndimo kiuno cha mchezaji kinapopata nafasi. Kiki ya klabu haijui hilo. Inapiga kila baada ya vipande viwili. Mzunguko wa kwanza inaangukia 1, 3, 5, 7 na 9. Wa pili inaangukia 2, 4, 6 na 8, kando kabisa ya mapigo mazito ya ngoma. Inaanza pamoja na darbuka, ngoma ya mkono ya muziki huu, mara moja tu kwa kila mizunguko miwili.

Kwa hiyo badilisha kipimo kiwe 9/8 kabla ya kurekodi chochote. Tempo ikiwa 120 kwa robo noti, vipande vya moja ya nane ni 240 kwa dakika, na mzunguko mzima unachukua sekunde 2.25. Darbuka ina lugha yake: düm ni pigo zito la katikati ya ngozi, tek ni lile kali la ukingoni. Muundo mwepesi wa kuanzia ni düm kwenye 1, tek kwenye 3, düm kwenye 5, kisha tek kwenye 7 na 9. Kiki iende na düm. Ukitaka uzito zaidi ongeza 3 na 7, lakini 9 mwachie mpiga darbuka. Metronomu (kihesabu mapigo) nayo itengeneze mwenyewe, yenye mkazo kwenye 1, 3, 5 na 7, maana ile inayokuja na programu mara nyingi hutia mkazo kwenye pigo la kwanza tu.

Kunyoosha mapigo, yaani kuyavuta yakae kwenye gridi ya programu, kwa asilimia 100 ni kuua ngoma. Asilimia 50 inatosha. Afadhali zaidi, rekodi darbuka kwanza bila metronomu, kisha ilazimishe gridi ya programu imfuate mpigaji.

Kwenye noti ndipo wengi wanapokwama. Nadharia ya muziki wa Kituruki huigawa toni moja katika koma 9, na oktava nzima koma 53, kila koma ikiwa karibu senti 22.6 (nusutoni moja ya kinanda ni senti 100). Chukua makamu (mpangilio wa noti za wimbo) ya Uşşak inayoanzia La. Noti yake ya pili, segâh, imeandikwa kwenye vitabu kuwa koma moja chini ya noti ya Si, lakini wapigaji huishusha zaidi ya hapo, tena huishusha zaidi wimbo unapoteremka. Tuseme klarineti imeshuka senti 50 na wewe umeweka kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) yenye noti ya Si ya kawaida. Noti hiyo ya Si ni Hz 493.9, segâh iko karibu 479.8. Tofauti ya Hz 14 inasikika kama mtetemo mkali, na msikilizaji atamlaumu mpiga klarineti.

Hivyo usiweke kodi kamili chini ya Uşşak. La na Mi zikivuma kwa muda mrefu zinatosha. Ukitaka sinthi (kinanda cha kielektroniki) ipige segâh yenyewe, tumia amri ya kupinda sauti ya MIDI, lugha ya kuamrisha vyombo vya kielektroniki: katikati yake ni 8192, na ikiwa upana ni nusutoni mbili kila upande, kushuka senti 50 ni hatua 2048, yaani uandike 6144. Angalizo: amri hiyo hupinda kila noti iliyo kwenye chaneli ile, kwa hiyo segâh ikae chaneli yake peke yake. Auto-Tune, programu ya kunyoosha noti, iweke mbali kabisa. Itaivuta segâh hadi Si au Si bemoli, na kila mteremko wa klarineti itaukatakata kama ngazi.

Makamu ya Hicaz ndiyo inayosamehe. Hatua zake zinakaribiana na za kinanda, na nadhani ndiyo sababu kila biti inayotaka kunukia Mashariki hukimbilia huko. Kwa kanun, ndugu wa ile kanuni ya taarab ya Unguja, shida ni ndogo: mpigaji ana vijitenzo pembeni mwa nyuzi vya kurekebisha koma, mradi akubaliane na klarineti kabla ya kurekodi.

Maikrofoni ya klarineti iwe sentimita 30 hadi 50 kutoka kwenye vitundu vya katikati, isielekee mdomo wa chini, kwa sababu noti nyingi hutokea vitunduni. Darbuka ipewe mbili, moja juu ya ngozi na nyingine kwenye uwazi wa chini. Ukizichanganya na düm ikakonda ghafla, geuza polariti (mwelekeo wa wimbi la sauti) ya ile ya chini.